Kwikwi Baada ya Dripu: Jinsi ya Kuihesabu, Kuituliza na Kujua Lini Ukimbie Hospitali

Kwikwi ya kwanza ilimshika Baba tukiwa tumeshapita Lugazi, ndani ya taksi ya abiria kumi na wanne, siku ileile aliyotoka kuwekewa dripu yake ya kwanza ya kansa Kampala. Abiria mmoja wa nyuma akacheka kwa upole: "Mzee, nyumbani wanakutaja." Baba naye akacheka. Msitu wa Mabira tukaumaliza, daraja la Jinja tukalivuka, Iganga tukasimama watu washuke, kwikwi bado. Kufika Bugiri hakuna aliyekuwa akicheka tena. Kila ilipomtikisa, Baba alishika kifua kwa mkono mmoja na kiti cha mbele kwa mkono mwingine. Uvimbe wake uko kwenye umio, njia ya chakula, na kila mtikisiko ulivuta palepale penye maumivu.

Usiku ule hakulala. Nilikaa naye sebuleni nikidhani itakoma yenyewe, kama kwikwi ya mtoto anayekua. Ilikoma siku ya tano.

Mimi nauza vitenge sokoni Busia, upande wa Uganda. Baba aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala mpaka magoti yakamkataa, na Kiswahili cha nyumbani kwetu ni cha barabara hiyo. Udaktari sikusomea. Ninayoyaandika nimeyapata kwa kumuuguza katika mizunguko sita ya dripu, kwa kuuliza wauguzi na madaktari kila nilipopata mwanya, na kwa kuandika. Hasa kuandika, na utaona kwa nini.

Kwikwi ni nini hasa

Chini ya mapafu kuna msuli mpana umetandazwa kama sahani iliyopinduliwa. Huo ndio kiwambo, unaovuta pumzi ndani. Kwikwi inakuja pale kiwambo kinapojikunja ghafla bila kuamriwa: hewa inavutwa kwa nguvu, na papo hapo kilango cha koo kinajifunga. Ile sauti ya "kwik" ni hewa iliyogonga mlango uliofungwa.

Sasa, kiwambo hakijikunji kwa kupenda. Kinaamriwa na neva. Kuna neva zinazotoka shingoni, zinapita kifuani, zinashuka mpaka kwenye kiwambo. Kuna nyingine ndefu inayotoka kwenye ubongo, inapita kooni, inaandamana na umio mpaka tumboni. Daktari alipomweleza Baba haya, Baba alinyamaza kidogo kisha akasema: "Kwa hiyo taa inawakawaka nyuma, lakini waya umechubuka mbele." Daktari akamwambia, Mzee, sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri hivyo.

Mfano huo wa Baba ndio nimeushika mpaka leo. Kwikwi ni taa ya nyuma. Popote kwenye njia ya waya pakiguswa, taa itawakawaka. Tumbo likijaa gesi, linasukuma kiwambo kutoka chini. Tindikali ikipanda, inachoma umio na waya unaopita hapo. Uvimbe wa umio, wa ini au wa kifua unaweza kuugusa. Maambukizi ya mapafu pia. Chumvi za damu zikishuka, au figo zikishindwa kusafisha, ubongo wenyewe unatuma amri zisizoeleweka. Hata unywele uliogusa ngoma ya sikio umewahi kumletea mtu kwikwi isiyokoma, mpaka ukatolewa. Na dawa nazo: baadhi ya dripu za kansa, dawa za maumivu za jamii ya morfini, dawa za usingizi, na moja ambayo nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyomtesa Baba.

Kwikwi ya dakika chache baada ya kula haina neno. Ikipita saa 48, madaktari wanaihesabu kuwa ni ya kudumu na inahitaji kutafutiwa chanzo. Ikipita mwezi, inaitwa sugu. Kwa mgonjwa wa kansa, mimi nasema usingoje hata hizo saa 48 kama hali chakula wala halali usingizi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukosa usingizi siku mbili akajikaza. Aliyetoka kwenye dripu hana akiba hiyo.

Daftari

Sokoni nina daftari la madeni. Nani kachukua pea ngapi, kalipa nini, kabakisha nini. Baada ya kwikwi ya mzunguko wa kwanza nililigeuza daftari lile juu chini nikaanza kuandika kutoka nyuma. Hivi ndivyo ukurasa wa mzunguko wa pili unavyosomeka:

Jumatatu. Dripu imeisha saa 10 jioni. Vidonge vya asubuhi kameza. Kwikwi imeanza saa 2 usiku. Imekaa saa 3, ikapumzika, ikarudi saa 9 usiku.

Jumanne. Vidonge saa 2 asubuhi. Kwikwi saa 4 mpaka saa 8 mchana. Uji nusu kikombe tu. Choo hakuna.

Jumatano. Vidonge. Kwikwi kutwa, inapumzika nusu saa nusu saa. Hajalala.

Alhamisi. Vidonge vya mwisho. Kwikwi kutwa. Kiungulia.

Ijumaa. Hakuna vidonge. Kwikwi asubuhi. Saa 11 jioni imekoma.

Jumamosi. Hakuna.

Mtu wa biashara akiona safu mbili zinapanda na kushuka pamoja, anajiuliza kuna uhusiano gani. Vidonge vilianza, kwikwi ikaanza. Vidonge vikaisha, siku moja baadaye kwikwi ikaisha. Nikarudi kwenye kumbukumbu za mzunguko wa kwanza: siku zilezile.

Vidonge vyenyewe ni deksamethasoni. Wagonjwa wengi wa dripu hupewa, kwa mdomo au kupitia mshipa, ili wasitapike. Ni dawa nzuri sana kwa kazi hiyo, na hasa mtu anayepewa sisplatini, dripu inayochafua tumbo vibaya, anaihitaji. Lakini ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vya kwikwi, na wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake. Mzunguko wa tatu, kabla dripu haijaanza, nilimfungulia daktari ukurasa ule. Aliusoma kwa dakika moja hivi. Akabadilisha siku za nyumbani zikawa za prednisoloni, dawa ya jamii ileile, akaiacha ile nyingine ya kuzuia kutapika iendelee. Mzunguko wa tatu Baba alipata kwikwi usiku mmoja tu.

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu kuna kosa nililolifanya mimi mwenyewe kabla ya hapo. Katika mzunguko wa pili, Jumatano asubuhi, jirani aliniambia: kama ni vidonge, vifiche. Nikaficha dozi ya mchana ambayo Baba alipaswa kumeza. Usiku ule alitapika mara saba, na asubuhi ya Alhamisi nilimrudishia vidonge huku mikono ikitetemeka. Kwikwi ni mateso, lakini kutapika mara saba kwa mtu ambaye umio wake umebanwa ni hatari ya kukaukiwa maji na kupaliwa. Kupunguza dawa hii au kuibadilisha kunawezekana. Anayefanya hivyo ni aliyeiandika. Wewe kazi yako ni kumpelekea hesabu.

Andika basi vitu hivi: siku na saa dripu ilipoanza na kuisha, kila dawa na saa yake, pamoja na zile za kienyeji, kwikwi ilipoanza na ilipokoma, chakula kilichotangulia, choo, kama alilala. Huhitaji daftari zuri. Nyuma ya kalenda panatosha. Simu pia inafaa, ila simu huzima chaji siku ileile unayoihitaji.

Kwikwi ikishika, fanya nini nyumbani

Kila mtu ana dawa yake ya kwikwi. Bibi yetu alikuwa akiwabandikia watoto wachanga kipande cha uzi kilicholowa mate katikati ya paji la uso, na wakubwa aliwasingizia wizi wa sukari ili washtuke. Mjomba alimshtua Baba kwa kugonga sinia nyuma ya kichwa chake. Baba alishtuka, presha ikapanda, kwikwi ikaendelea. Usimshtue mgonjwa.

Mbinu zinazosaidia zinalenga kitu kimoja kati ya viwili: kutuliza kiwambo kwa kushikilia pumzi, au kuushughulisha ule waya mrefu wa kooni ili usahau. Iliyomfaa Baba zaidi ni hii. Anakaa kwenye kigoda kifupi, anavuta pumzi taratibu, anaishikilia, kisha anainama mbele mpaka kifua kiegemee mapaja, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Namhesabia mpaka kumi kwa sauti ya chini. Anaachia pumzi polepole kupitia midomo iliyobanwa. Tunapumzika dakika moja, tunarudia, mara tatu au nne. Siyo kila mara ilikata kwikwi, lakini mara nyingi ilipunguza kasi yake, na kupunguza kasi tu ni nafuu. Mtu mwenye pumzi fupi au shida ya moyo asilazimishwe.

Nyingine ni maji ya baridi ya wastani, yaliyochemshwa, kwa mikupuo midogo sana kumi mfululizo bila kuvuta pumzi katikati. Kwa Baba, siku ambazo umio ulikuwa umebana, hiyo tuliiacha, maana alipaliwa mara moja na mara moja ilinitosha. Kijiko kidogo cha sukari ya chengachenga kwenye ulimi kinafaa pia. Chenga zile zinakwaruza koo la nyuma na kuushughulisha waya. Ila kumbuka deksamethasoni yenyewe inapandisha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye kisukari asiitumie.

Kuna tahadhari ambazo hutazikuta kwa jirani, kwa sababu jirani anajua kwikwi ya mtu mzima wa afya. Kama dripu ya mgonjwa wako ina oksaliplatini, usimpe barafu wala maji ya friji. Dawa hiyo hufanya koo na vidole viumwe na baridi kwa siku kadhaa, na mtu anaweza kuhisi kama koo limefungwa. Kama ana vidonda mdomoni, limau na siki ni moto mtupu, achana navyo. Maji yote yawe yamechemshwa na kikombe kiwe safi, maana chembe nyeupe za damu zinaposhuka, tumbo la kuhara linageuka jambo la kulazwa. Kuna wazee wanaokandamiza macho kwa vidole ili kukata kwikwi. Usikubali kamwe. Na yule atakayekwambia apumulie ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, mshukuru kwa nia yake kisha ulifiche kavera.

Chakula

Siku ya taksi ile nilifanya kosa dogo ambalo nimelielewa baadaye. Namawojjolo, kabla ya Lugazi, gari liliposimama, wauza kuku na gonja, ndizi za kuchoma, wakatuzunguka madirishani. Baba alikuwa hajala tangu asubuhi. Nilimnunulia gonja ya moto na soda, akala upesi kabla gari halijaondoka. Chakula cha moto, kwa haraka, na gesi juu yake, tumboni mwa mtu aliyetoka kumeza deksamethasoni. Sisemi gonja ndiyo iliyoleta kwikwi, daftari limeonyesha mengine. Lakini niliipalilia.

Tangu hapo safarini nabeba chupa ya uji wa wimbi wa vuguvugu, uliochujwa, na kijiko. Hakuna soda. Nyumbani sahani moja kubwa ya mchana niliigawa mara tatu, na jumla anakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Matoke anayopenda nayaponda mpaka yawe laini kabisa na kuyalegeza kwa mchuzi wa karanga uliosagwa vizuri, ili yateleze. Maharage na kabichi nimeyapunguza katika siku tano za kwanza kwa sababu ya gesi, baadaye yanarudi. Chai haiwi ya moto wa kuunguza. Pilipili hapana, waragi hapana. Mrija wa kunywea pia tuliuacha, kwa sababu anayenyonya kwa mrija anameza hewa.

Akimaliza kula anakaa wima saa nzima. Hili lilikuwa gumu, maana uchovu wa dripu unamvuta kitandani kijiko kikiwa bado mkononi. Nilimwekea kiti barazani, anaangalia malori yakipanga foleni kuelekea mpakani na kunitajia ni ya kampuni gani na yamebeba nini. Saa inapita. Na miguu ya kitanda upande wa kichwa nimeiwekea tofali moja moja, ili alale kichwa na kifua vikiwa juu na tindikali ishuke. Mito miwili mitatu haifanyi kazi hiyo. Inakunja tumbo tu.

Choo kikifunga, gesi inarudi juu. Kama mgonjwa anatumia morfini, jambo hili ni karibu la uhakika, kwa hiyo aombe dawa ya kulainisha choo mapema. Morfini ya maji tunayoijua hapa Uganda, ile ambayo Hospice Africa Uganda iliianzisha baada ya kufunguliwa mwaka 1993, imewapa nafuu watu wengi sana, na sitaki mtu aikimbie kwa kuogopa kwikwi. Kwa baadhi ya watu inachangia, basi iandikwe kwenye daftari kama dawa nyingine yoyote na iulizwe.

Dawa za kwikwi zenyewe

Zipo. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu mimi nilichukua wiki nyingi bila kujua kwamba zipo. Nilidhani kwikwi ni kitu cha kuvumilia, kama vumbi la Busia.

Kwenye duka la dawa mtaani kwetu niliuziwa diazepamu, "alale tu, mama, akiamka imeisha." Alilala. Kwikwi ikaendelea akiwa usingizini, kifua kikiruka, na mimi nikiogopa asipaliwe na mate yake. Baadaye muuguzi akanieleza kwamba dawa za jamii hiyo zinaweza hata kuzidisha kwikwi. Usinunue dawa ya kwikwi dirishani.

Daktari huanza na chanzo. Tumbo likiwa limejaa na chakula hakishuki, anaweza kutoa metoklopramidi, inayosukuma chakula kishuke. Haifai kwa mtu ambaye utumbo umeziba, na ukiona shingo au taya vinakakamaa baada ya kuimeza, acha na urudi hospitali siku hiyohiyo. Tindikali ikiwa ndiyo tatizo, kuna omeprazoli. Kwikwi isipokubali, kuna baklofeni, inayolegeza misuli. Inaleta usingizi, inahitaji uangalifu kwa mwenye figo dhaifu, na mtu aliyeitumia kwa muda haikatizi ghafla. Gabapentini na haloperidoli nazo hutumika.

Na kuna klopromazini. Siku Baba alipoandikiwa hiyo, mwanamke aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni ya dawa aliona karatasi akanikazia macho: "Hiyo si dawa ya Butabika?" Alimaanisha hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kampala. Ndiyo, ni dawa inayotumika kwa wagonjwa wa akili, na ni ya miaka mingi kwa kwikwi ngumu pia. Baba alisikia. Alikataa kumeza. Nilimwomba muuguzi aje aongee naye, akaja, akakaa kwenye benchi pembeni yake, akasema: "Mzee, mafuta ya dizeli ni yaleyale, moja inaendesha lori, nyingine inasaga mahindi. Wewe unasaga mahindi tu." Alimeza. Ukimpa mgonjwa dawa hii, asinyanyuke ghafla kitandani, kwa sababu presha inashuka. Akae kwanza kwenye ukingo, miguu chini, ahesabu mpaka ishirini, ndipo asimame ukiwa umemshika. Choo cha nje usiku asiende peke yake.

Kwikwi iliyovunja hesabu

Mzunguko wa tano ndio ulionifundisha kwamba daftari halionyeshi tu chanzo. Linaonyesha pia siku ambayo hesabu imevunjika.

Tangu vidonge vibadilishwe, nilijua mwenendo wake: usiku mmoja, labda na asubuhi yake, basi. Mara hii siku ya pili ikapita, ya nne ikapita, ya sita kwikwi ipo. Mkojo ulikuwa kidogo na wa rangi ya chai. Baba akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Wajomba wakasema ni uchovu, tumngoje Ijumaa. Mimi niliangalia ukurasa, nikaona haufanani na kurasa zilizotangulia, nikaita gari alfajiri. Vipimo vya damu vilionyesha figo zimelemewa na chumvi ya sodiamu imeshuka. Sisplatini inajulikana kwa kuumiza figo, ndiyo maana wagonjwa wake huwekewa maji mengi ya dripu. Alilazwa siku nne, akawekewa maji na kusawazishwa chumvi. Kwikwi ilikata yenyewe siku ya tatu, bila dawa yoyote ya kwikwi.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Nenda hospitali kama kwikwi imepita saa 48, au imemzuia kula, kunywa au kulala. Nenda usiku huohuo kama pamoja na kwikwi anachanganyikiwa, anatapika bila kukoma au anatapika damu, mkojo umepungua sana, tumbo limevimba na halitoi choo wala hewa, kifua kinauma, pumzi ni fupi, upande mmoja wa mwili umelegea, au amepaliwa kisha akaanza kukohoa na kuhema. Na joto la mwili likifika 38, kwikwi iwepo isiwepo, mtu wa dripu ni wa kukimbizwa. Nunua kipimajoto. Mkono kwenye paji la uso haupimi nusu ya digrii.

Jinsi ya kulisema kliniki

Umbali wa Busia mpaka Kampala ni karibu kilomita 200. Tunaondoka saa tisa usiku, tunafika, tunapanga foleni, na daktari ana watu wengi nje ya mlango wake. Anauliza: "Mzee, hali?" Na Baba, kama wanaume wengi wa umri wake, anajibu: "Niko sawa, daktari." Mara mbili alijibu hivyo mbele yangu, macho yakiwa yameingia ndani kwa kukosa usingizi. Kwake kulalamikia kwikwi mbele ya watu wenye kansa kubwa kuliko yake ilikuwa aibu.

Sikumkatiza mbele ya daktari, si adabu. Tuliongea nyumbani. Nilimwambia: Baba, ulipokuwa barabarani, ukisikia breki inalia, ulimwambia fundi niko sawa? Akakaa kimya. Tukakubaliana kwamba mimi nitatoa daftari, yeye ataongeza.

Na sema kwa ufupi, kwa tarakimu. Usiseme "anasumbuliwa sana na kwikwi", kwa sababu kila mtu kwenye foleni ile anasumbuliwa sana. Sema: "Ilianza baada ya saa nne tangu dripu iishe, imekaa siku tano, amelala saa mbili kwa usiku, amepungua kilo tatu, na inakoma siku moja baada ya deksamethasoni kuisha." Kisha uliza maswali matatu: Je, kuna dawa mojawapo inayoweza kubadilishwa? Je, damu yake ipimwe chumvi na figo? Ikirudi usiku, nimpe nini na nimpigie nani? Hilo la mwisho liandikwe kwenye karatasi, na lisomeke.

Mzunguko wa sita Baba aliomba daftari kabla hatujaingia. Alivaa miwani, akalishika mbali kidogo na uso kama alivyokuwa akishika karatasi za mizigo pale forodhani. Daktari alipouliza "Mzee, hali?", akafungua kutoka nyuma, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kuanza kusoma.